Digrii Tatu za Dépouille

Seremala akikosea kiti, mtu ataanguka na watu watacheka, basi. Mimi sikuwa seremala, na aliyeniita hivyo nilimnunia hadi jioni. Nilikuwa modeleur katika kiwanda cha kuyeyushia vyuma, hapa Kolwezi, miaka ishirini na miwili. Pampu ikivunjika kule mgodini, mchoro wake ulikuja kwangu kwanza. Nilikichonga kile kipande kwa mbao, nikakipaka vanishi nyekundu, wenzangu wakakizika kwenye mchanga, wakakitoa taratibu, na kwenye shimo lililobaki wakamimina chuma cha moto. Kipande changu hakikwenda mgodini. Shimo lake ndilo lililofanya kazi.

Siri yote ya kazi hiyo ni neno moja la Kifaransa, dépouille. Ukuta wa kipande ukisimama wima kabisa, au ukiwa na kitu kinachochomoza ndani, siku ya kukitoa kitabomoa mchanga. Kwa hiyo unaulaza ukuta kidogo, digrii mbili, digrii tatu, kitu kitoke bila kukwama. Nayo redio ilikuwa na dépouille yake. Ilipotangaza vifo ilisema dépouille mortelle ya fulani itafika na treni kutoka mahali fulani. Kwa watu wengine hiyo ni maiti. Sisi wa modelage tulikuwa tukitazamana, na mmoja wetu anauliza, "Digrii ngapi?" Tulicheka kila mara. Ulikuwa utani wetu wa miaka mingi, na mara nyingi wa kwanza kuutoa nilikuwa mimi.

Mwishoni mwa 1971, nchi ikiwa ndiyo kwanza imeitwa Zaïre, Mademoiselle Valérie aliingia karakana kwetu na sanduku la mbao mikononi. Alikuwa Mbelgiji, mwalimu wa wakunga katika shule moja ndogo ya misheni. Akasema anataka bassin sita. Msimamizi wetu akamwelekeza kwa watu wa mabomba. Mimi nilidhani anasema mabwawa ya matope, kama yale ya mgodi kule Kingamyambo, nikamuuliza kama anayataka na maji yake. Akacheka, akafungua sanduku.

Ndani mlikuwa na mfupa wa nyonga wa mwanamke, kumbe nao kwa Kifaransa huitwa bassin. Wa kweli, wa manjano kwa uzee, umeunganishwa kwa waya. Akanieleza kwamba ana wanafunzi ishirini na wanne na mfupa huo mmoja. Vielelezo vya plastiki aliviagiza Ulaya mwaka mzima na havikuja. Michoro ukutani ipo, lakini mkunga hajifunzi kwa macho, akasema, anajifunza kwa vidole, maana siku ya kazi haoni kitu. Angepata nyonga sita za plasta, kila wanafunzi wanne wangekuwa na yao.

Nilivimba kichwa, sikatai. Miaka yote nilikuwa nachonga magurudumu ya pampu, leo ninaombwa kuchonga mtu. Nilikubali kabla hajamaliza kuniomba. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu Mbelu ashone mtoto wa kitambaa mwenye kichwa cha ngozi, wa kupitishwa kwenye hizo nyonga. Mbelu alimshona vizuri, na masikio akamtia, ingawa hakuna aliyemwagiza masikio.

Kazi ikanishinda. Ndani ya mfupa ule, kulia na kushoto, kuna miiba miwili mifupi inayoelekeana, na kwa nyuma mfupa umepinda kama kijiko. Nilitengeneza kalibu ya vipande viwili, nikamimina plasta, nikangoja ikauke. Kila nilipoifungua, miiba ilikatika ikabaki ndani. Mara ya kwanza nilitukana plasta. Mara ya pili nilimtukana aliyeniuzia. Mara ya tatu niliutazama ule mfupa, na hapo ndipo shetani wangu alipoingia, kwa sababu mimi nikikasirika hurudi kwenye kile ninachokijua.

Nilijiambia kwamba miiba ile ni kasoro ya mwanamke yule mmoja, kama mtu aliyezaliwa na meno makubwa ya mbele. Nilijiambia kwamba tangu nianze kazi sijaona njia ya kutolea kitu ikiwekwa miiba ndani, na Mungu hawezi kuwa modeleur mbaya kuliko mimi. Mfupa wenyewe sikuugusa; nilichonga mfano wake wa mbao, nikachukua tupa. Nikaisawazisha miiba, nikaunyoosha ule mpindo wa nyuma, nikazipa kuta za ndani digrii tatu. Nyonga zote sita zikatoka kwenye kalibu bila ufa hata mmoja. Nilizipaka vanishi mara mbili.

Mademoiselle Valérie alizipima kwa kipimo chake. Mdomo wa juu, sawa. Mdomo wa chini, sawa, hata milimita haikupotea, maana hapo sikuwa nimegusa. Kisha akapitisha kidole ndani, akasita.

"Ni laini sana," alisema.

"Mademoiselle, laini njo kazi," nilimjibu.

Akaniangalia, akaangalia vanishi, akanishika mkono kunishukuru. Wiki hiyo alikuwa anakwenda kwao kwa likizo. Aliniachia ule mfupa nyumbani kwangu nije nitengeneze nyonga sita nyingine akirudi. Hakurudi. Tulisikia ameugua, na vibali vyake vya kukaa nchini havikuandikwa upya. Sanduku likabaki chini ya meza yangu ya kazi, nyuma ya nyumba.

Aliyeshika nafasi yake ni Mama Kanku, mtu wa Kasai kama sisi, mwanamke mkali na wa haki, aliyekuwa na shule nzima mgongoni. Aliwasomea wanafunzi kitabu, na kitabu kilisema kwamba mtoto anaposhuka hugeuka. Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari kwamba hugeuka. Kisha mikono yao ikaenda kwenye plasta yangu ikajifunza kwamba hageuki.

Siku ya mtihani wa mwisho nilialikwa. Nilivaa suti yangu mpya ya abacost, maana mwaka huo tulikuwa tumeshaanza kuitwa citoyen, yaani raia, na jina langu la ubatizo, Tharcisse, lilikuwa limeachwa kwenye karatasi za zamani. Nikabaki Tshibangu tu. Msichana bora kuliko wote aliitwa Zena, binti wa Alimasi, mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Maniema aliyekuwa na duka na lori kule Kasaji. Alikuwa na mikono mirefu na hakuwa na maneno mengi. Alipofika mbele ya jopo alisita kidogo, woga tu, na mimi nilikuwa nimesimama karibu, nimejaa sifa, nimevishwa kilemba cha ukoka na wote waliokuwamo. Nikamnong'oneza.

"Vuta tu moja kwa moja, mwana. Haiwezi kukwama. Mi niliitia dépouille."

Akavuta. Mtoto wa kitambaa wa Mbelu akatoka kwa mkono mmoja, na watu wakapiga makofi. Sijui ni makofi ya nani niliyasikia, yake au yangu.

Zena alipangiwa zahanati ya kwao Kasaji. Katikati ya 1973 habari ikafika Kolwezi. Mwanamke mmoja, Mwamini, amejifungua mikononi mwake. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama, na Zena akavuta moja kwa moja, akavuta tena. Mtoto wa kike aliishi, akaitwa Nuru, lakini mkono wake wa kushoto ulining'inia tangu siku ya kwanza na haukuinuka tena. Watu wa Kasaji walisema yule binti wa Alimasi ana mikono ya balaa.

Shule ilimwita Zena Kolwezi kumhoji. Mama Kanku hakuridhika kwamba mwanafunzi wake bora amefanya kosa la mtu asiyesoma, na akaniita mimi pia. Tulikaa darasani, jopo la watu watatu, Zena kwenye kiti cha pembeni, na mojawapo ya nyonga zangu juu ya meza, inang'aa.

Zena aliulizwa alifanya nini. Alijibu, "Nilifanya sawa vile nilijifunza." Hakusema kwamba mimi ndimi niliyemnong'oneza. Labda aliona haya kumtaja mzee. Labda alikuwa ananingoja.

Mama Kanku akanigeukia. "Tata Tshibangu, hii yako iko sawasawa na ule mufupa ya Mademoiselle?"

Nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu niliposikia neno "yakakwama". Usiku kabla ya siku hiyo sikulala, na alfajiri nilitoa sanduku nikaingiza vidole ndani ya mfupa, nikaigusa miiba ile, nikafahamu kwamba si kasoro ya mtu. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini nilizitazama zile nyuso, nikaona modeleur wa miaka kumi na tisa akiitwa seremala.

"Vipimo vya juu na chini ni vyenyewe," nilisema.

"Na ule mufupa uko wapi, tuangalie?"

"Mademoiselle alienda nao."

La kwanza lilikuwa kweli iliyokatwa nusu. La pili lilikuwa uongo mtupu, maana sanduku lilikuwa kwangu, umbali wa kutembea kwa miguu. Zena alinitazama mara moja, akashusha macho. Walimkataza kuzalisha. Alirudi Kasaji kukaa dukani kwa baba yake, na nyonga zangu ziliendelea kufundisha mpaka Mama Kanku alipozifungia kabatini yeye mwenyewe, bila ushahidi, kwa kuchukia tu kuziona.

Nilijitia hamnazo miaka mitatu. Nilisali, nilikunywa bia yangu, niligombana na vijana wa mchanga. Kitu pekee ni kwamba jina la Kasaji lilinichoma popote nilipolisikia. Siku moja mwaka 1975 tulikuwa kwenye mapumziko ya mchana, redio ikitangaza vifo. Ikasema dépouille mortelle ya citoyenne Bilonda, mke wa mfanyakazi wa reli, itafika kesho na treni kutoka Kasaji. Ili jina hilo lipite, nikainua sauti kabla ya wengine.

"Digrii ngapi?"

Tukacheka, mimi zaidi ya wote.

Mwaka uliofuata Mbelu alikuwa anatafuta beseni nyuma ya nyumba, akalikuta sanduku. Niliporudi kazini alikuwa amekaa kwenye kigoda, mfupa mapajani, kidole chake kimekaa juu ya mwiba mmoja. Mbelu amezaa watoto sita. Hakusoma ukunga wala kitu kingine.

"Hii ni nini?" aliniuliza. "Ku ile yako ya plasta hii haikukuwa."

Niliweka mfuko wangu wa kazi chini.

"Mi naijua," alisema. "Batoto yangu yote sita baligeuka hapa. Unasikia mwili unangoja, kiisha mutoto anageuka, kiisha anakuja. Weye uliitosha, uliikata?"

"Niliitosha."

"Na ule binti ya Alimasi?"

Nilikaa chini kwenye ardhi. Mbelu aliurudisha mfupa sandukuni kwa uangalifu, akaufunika na kitambaa. Alisema walichosema wazee siku zote, kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mimi nimeficha uchi wa wanawake wa watu. Kisha akaingia ndani. Hakunisemesha tena mpaka nilipoanza kazi.

Nilitengeneza kalibu ya vipande tisa. Kila kipande kinavutwa upande wake, kimoja baada ya kingine, na mwiba unabaki mzima. Namna hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, nilifundishwa ujanani. Ni ya taabu tu na haina fahari, mtu akiona kalibu yenyewe atadhani imevunjika. Ilinichukua wiki tatu. Wiki tatu ndizo nilizozikwepa mwaka ule. Nikaandika na barua kwa Mama Kanku, kurasa mbili, nikieleza tupa, miiba, sanduku, uongo, na maneno niliyomnong'oneza Zena. Nilitia sahihi. Sikuipeleka kwanza, nilitaka Zena aisome kabla ya mtu mwingine. Nikapanda treni ya Kasaji nikiwa na nyonga mpya mapajani, imefungwa kwenye shuka, na mtoto yuleyule wa kitambaa mwenye masikio.

Duka la Alimasi liko karibu na stesheni. Mwenyewe alikuwa safarini na lori. Zena alikuwa nyuma ya kaunta akipima chumvi kwa kopo. Alikuwa amenenepa kidogo, na kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Karibu, tata. Unatafuta nini?"

"Natafuta weye," nilisema, nikafungua shuka.

Alipoiona alirudi nyuma mpaka akagusa rafu. Nilimwomba ajaribu mara moja tu. Alikataa kwa kichwa. Nilimwomba tena, akafuta chumvi mikononi akaja. Nilimwekea mtoto mahali pake. Akavuta moja kwa moja, kama alivyovuta siku ya makofi. Mtoto hakutoka.

"Iko nakwama," alisema.

"Ingiza kidole. Sikia pembeni."

Aliingiza. Nilimwona usoni alipoigusa miiba, kwanza huu, halafu ule. Kisha vidole vyake, ambavyo havikuwa vimefanya kazi hiyo kwa miaka mitatu, vikazunguka taratibu bila mimi kumwambia neno, mtoto akageuka, akatoka bega moja kwanza, kisha la pili. Zena alibaki amemshika.

"Ile ya masomo haikukuwa na hii," alisema.

"Haikukuwa. Mi niliitosha na tupa."

"Juu ya nini?"

"Juu kazi itoke muzuri."

Alimlaza mtoto juu ya kaunta, akamnyoosha mikono yote miwili, ya kitambaa. "Ulijua lini?"

Hapo ndipo nilipotamani treni isingekuwa imefika. "Kabla balikuita Kolwezi. Siku ile mbele ya Mama Kanku nilikuwa najua. Mufupa ulikuwa ku nyumba yangu."

Nilimpa barua. Aliisoma kwa midomo, polepole, ukurasa wa kwanza na wa pili, akaikunja kama ilivyokuwa. Nilisema nitaipeleka mwenyewe kesho yake, na kwamba watamrudishia kazi, Mama Kanku ni mtu wa haki. Nilisema najuta. Nilisema mengi, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani, na yote yalitoka bila kukwama.

Mtoto wa kike wa miaka mitatu akaingia dukani. Hakuna aliyeniambia jina lake wala haikuhitajika. Zena alitoa biskuti kwenye chupa, akazunguka kaunta, akapita upande wa kulia wa mtoto, akampa mkono ule ulio hai. Alifanya hivyo bila kufikiri, ilionekana ni kila siku. Nuru akaitazama nyonga, akanitazama mimi, akatoka akila.

"Huyu mi namuona kila siku," Zena alisema. "Mama yake alinisamehe zamani. Alisema ni Mungu. Mi njo nilikatala kujisamehe."

"Haikukuwa mikono yako."

"Nimeona." Alikuwa amerudi nyuma ya kaunta. "Tata, unajua juu ya nini nakuuliza ulijua lini? Nyuma ya kuzaliwa Nuru, bamama balikuwa banakuja hapa. Zahanati haina mutu, banakuja kunibembeleza. Mi nawafukuza. Naambia, mikono yangu iko na balaa, muende kwingine. Balikuja bane. Batatu balizala muzuri ku bamama ya kijiji."

Alikuwa anaangalia gunia la chumvi karibu na mlango.

"Wa ine alikaa pale, juu ya ile gunia. Saa mbili nzima alikaa, anashika mugongo. Muke ya mutu ya reli. Mi nilifunga dirisha ya kaunta juu nisimuone. Mutoto hakugeuka, na kule balimupeleka hakuna mwenye alijua kumugeuza." Alichukua kopo lake la kupimia, akalirudisha. "Mi nilikuwa najua kitabu. Mikono ingejifunza, kama mutu angeniambia tu. Alikuwa mutu ya kwenu Kolwezi. Balimurudisha na treni. Jina yake Bilonda. Balitangaza ku radio. Ulisikia?"

Treni ya kurudi ilikuwa imeshaanza kupiga honi. Barua ilikuwa mbele yangu juu ya kaunta, kurasa mbili, na nilikuwa nimeapa kwa Mbelu kwamba ndani yake mna yote.

"Nilisikia," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akanisogezea barua niipeleke. Nyonga alibaki nayo. Nilikuwa nimesafiri mpaka pale kwenda kusema ukweli kwa mtu mmoja, na alikuwa mbele yangu, ananitazama. Sikumwambia kwamba nilicheka.